Karata za Sari ya Hemamali

"Nani amemtia macho huyu?"

Mzee Arakhita Maharana aliuliza akiwa amesimama mlangoni, mkononi kashika karata moja ya duara, ndogo kama kiganja cha mtoto. Ilikuwa ya mfalme wa kundi la Rama, mungu wa upinde. Jana yake alimwacha mfalme huyo kakamilika, taji kichwani, upinde begani, mkufu shingoni, ila usoni hana kitu, kwa maana katika nyumba ya wachoraji macho hutiwa mwisho, na hutiwa na mwenye nyumba peke yake, akiwa ameoga na hajatia chochote tumboni. Sasa mfalme alikuwa anatazama.

Udayanath, mwanawe mkubwa, mgane, aliendelea kuchuja rangi kana kwamba swali limeulizwa nyumba ya jirani. Mdogo, Sanatana, ndiye aliyejaribu. "Labda ulimtia mwenyewe jana, Baba, ukasahau. Mwanga ulikuwa umeshafifia."

"Nimesahau? Mimi?" Mzee alimsogezea karata puani. "Mimi jicho la Rama naanzia kope ya juu, ndivyo alivyonifundisha baba yangu. Huyu kaanziwa ya chini. Tazama! Macho gani haya? Kama ya mtu aliyekesha."

Muktamani, mkewe, alitema tambuu uani. "Macho ni macho. Mpe na wengine yao, tumalize. Kabaila aliyeziagiza hangoji."

Kuntala, mke wa Sanatana, alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, ushungi wa sari umeshushwa mpaka kidevuni. Katika nyumba ile mkaza mwana hasemi mbele ya baba mkwe. Tangu alipoletwa, mzee hakuwahi kusikia sauti yake, wala hakuwahi kuona hasara ya kutoisikia. Kwa hiyo swali lilimpita juu ya kichwa, likaenda zake, na hapana mtu hata mmoja aliyefikiri kumwuliza mwanamke. Mwanamke na macho ya mfalme, wapi na wapi! Kazi ya mwanamke ilikuwa kuloweka kokwa za ukwaju, kuzitwanga, kupika gundi, kubandika kitambaa juu ya kitambaa, kupaka chokaa, kusugua kwa jiwe asubuhi mpaka jioni hadi kitambaa king'ae kama ganda la yai, kisha kusaga rangi: nyekundu ya mawe, nyeupe ya magamba ya pwani, na ile ya manjano, ambayo kila mtu alijua isiwekwe karibu na chakula. Halafu wanaume walikaa, wakapiga brashi, na karata zikaitwa karata za Arakhita.

Karata hizo huzaliwa na nguo kuukuu. Nguo mpya haifai, ina ubishi, ikikauka hupasuka rangi. Inatakiwa nguo iliyovaliwa na kufuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi. Msimu ule kabaila wa ng'ambo ya mto Bhargavi alitaka pakiti nzima ya wafalme, mawaziri na wadogo wao wote kabla ya mwezi mpevu wa sikukuu ya Kumar Purnima, wakati nyumba kubwa zote zinapokaa kucheza, na nyumba ya Maharana haikuwa na nguo laini hata ya kufunika chungu. Isipokuwa moja.

Hemamali, mke wa Udayanath, alikuwa amekufa katika mvua za msimu huo. Kwa desturi, mtu akifa, nguo yake ya mwisho huchukuliwa na dhobi. Si sadaka ile. Ni haki ya dhobi, na ni njia ya marehemu: nguo ikitoka, naye katoka. Lakini sari ya Hemamali, nyeupe, pindo jekundu lenye meno meno kama paa la hekalu, ilikuwa laini ajabu. Muktamani aliipapasa, akaikunja nje ndani, akaitia kapuni.

"Bandika hii," alimwambia Kuntala siku ya gundi.

Kuntala aliikunjua kidogo tu. Begani palikuwa na kiraka, na kiraka kile alikuwa amekishona yeye. Akaangalia mshono wake mwenyewe. Kisha akachovya mkono katika gundi, akabandika.

Hemamali ndiye aliyempokea katika kazi. Ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika jiwe la kusugulia, si kwa vidole, kwa kitako cha kiganja, mdogo wangu, la sivyo utaharibikiwa. Alisugua kitambaa miaka yote aliyokaa pale, na kila mara kabla hajanyanyuka aliuliza, "Mama, imetosha?" Na Muktamani alijibu, hata bila kutazama, "Bado." Baadaye vidole vya Hemamali vilikufa ganzi, kisha mikono, kisha miguu, na siku moja ganzi ikafika kifuani, akawa kama mtu aliyesahau kuvuta pumzi. Wakamfunika. Udayanath alilia siku moja, ya pili akaomba chai.

*

Baada ya macho ya mfalme, ukaja mlio.

Ulikuja adhuhuri. Watu wa kule wanaogopa adhuhuri kama wengine wanavyoogopa usiku, kwa sababu saa hiyo jua limesimama utosini, mtu hana kivuli, na nyumba nzima imeshiba wali uliolazwa majini, imelala chali. Kuntala alikuwa anaosha masufuria aliposikia kutoka baraza ya nyuma: kwaru, kwaru, kwaru. Jiwe juu ya kitambaa. Alidhani ni mama mkwe. Lakini mama mkwe alikuwa anakoroma chumbani, mdomo wazi.

Akaenda kutazama. Baraza ilikuwa tupu. Jiwe lilikuwa mahali pake, juu ya ubao, katika kivuli. Alipoligusa lilikuwa la moto, kama jiwe lililotoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Na harufu ikamjia, gundi ya ukwaju iliyochacha, na ndani ya gundi ile mafuta ya ufuta, mafuta ya nywele, ya mtu mmoja tu aliyewahi kuyapaka katika nyumba hiyo.

Hakupiga kelele. Alirudi kwenye masufuria. Jioni alipoipua chungu motoni alinusa nyama inaungua, akageuka kutafuta paka kaiba nini, kumbe ni kidole chake.

Sanatana alipoingia kulala, alimnyooshea mikono.

"Haisikii," alinong'ona.

"Haisikii nini?"

"Chochote. Nifinye."

Alimfinya. Akamfinya tena kwa kucha. Kuntala alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayetazama unga unakandwa.

"Basi una bahati," Sanatana alisema, akajaribu kucheka. "Utapika bila kuungua."

"Dada Hemamali ilimwanza hivihivi."

Kicheko kilimkauka. "Usimtaje usiku. Hujui adabu?"

"Mimi namsikia mchana."

"Kuntala. Nyamaza. Baba akisikia atasema nimeoa kichaa, na kaka atasema mimi ndiye niliyeleta mkosi. Karata zikishaondoka tutaona. Sawa? Lala."

Akageukia ukutani. Kuntala alilala chali, mikono juu ya tumbo, na ilikuwa kama amewekewa mikono ya mtu mwingine pale aishikie kwa muda.

*

Karata mpya hazipelekwi kwa mwenyewe zikiwa ngumu. Huchezwa kwanza siku chache barazani ili zizoee vidole, hata kabla ya macho kutiwa. Wazee wa mtaa walikuja kwa Arakhita baada ya chakula, wakakaa kwenye mkeka wamezunguka kitambaa, na Kuntala akawekwa nyuma ya mlango kukunja tambuu.

"Mchana ni wa Rama, ndiye anayefungua mchezo," alisema Lokanatha, jirani, mzee mwenye meno machache na maneno mengi. "Nani kamshika Rama? Amtoe, asimfiche kama mahari."

"Ninaye mimi," akasema Arakhita, akampiga mfalme chini, pap!

"Lo! Huyu Rama wako ananitazama kama mke wangu nikichelewa kurudi."

"Mke wako anakutazama bado? Ana moyo."

Wakacheka. Pap, pap, karata zikaanguka.

"Lakini Arakhita, mbona zinatoka jasho? Shika mwenyewe. Mgongo wake una unyevu."

"Jasho ni lako, Lokanatha, unaona unavyofungwa."

"Zinanuka pia."

"Cheza!"

Nyuma ya mlango, Kuntala alikuwa ameacha kukunja. Kila karata ilipopigwa chini, doa jekundu la duara lilijitokeza mkononi mwake, chini ya bangili, juu ya bangili, kwenye kiwiko. Hakuhisi kitu. Alikuwa anayaona tu yakija, moja baada ya jingine, pap, na doa, pap, na doa, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na wanaume wakicheka, na Lokanatha akiuliza kama tambuu inalimwa au inakunjwa. Alisukuma sahani nje kwa kiwiko, maana vidole havikushika.

Kesho yake adhuhuri akakutwa. Hakukutwa na mtu, alijikuta mwenyewe. Hakukumbuka kuondoka jikoni, hakukumbuka kuvuka ua, wala kuingia katika chumba cha mbele ambacho mwanamke huingia kufagia tu. Alipozinduka alikuwa amekaa mahali pa mzee, mguu mmoja umekunjwa kama anavyoukunja mzee, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika brashi ya nywele za panya, nyembamba kama unyusi, na mkono ule usiosikia hata moto ulikuwa unafanya kazi, taratibu, bila kutetemeka, unamtia macho waziri wa mwisho, unaanzia kope ya chini. Mbele yake wafalme na mawaziri wote walikuwa wamepangwa safu, na wote walikuwa wanamtazama kwa macho yale ya mtu aliyekesha, na nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, pale ushungi unapoanguka, palikuwa na pumzi yenye harufu ya ufuta na gundi iliyochacha, na mlio wa jiwe ulikuwa umeacha kutoka barazani, ulikuwa unatoka ndani ya mfupa wa mkono wake mwenyewe, kwaru, kwaru, ukipanda kutoka kiwiko kwenda bega na kutoka bega kwenda kifuani, na pumzi ikauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua:

"Imetosha?"

Kuntala alitaka kujibu. Ulimi ulikuwa mzito. Brashi ikaweka nukta ya mwisho katika jicho la waziri, ikajilaza kwenye bakuli, na mkono ukaanguka pajani kama kitu kilichotupwa.

Aliyafuta machozi kwa bega. Halafu akaona si machozi, ni jasho. Machozi hayakuja.

*

Mganga Baidhara aliletwa kwa sababu Arakhita aliona macho ya mawaziri. Hakuletwa kwa ajili ya Kuntala, tusidanganyane. Mkaza mwana alikuwa na ganzi tangu mwanzo wa juma na nyumba ilikula na kulala. Waziri kupata kope ya chini, hapo ndipo mganga akatafutwa kwa mbio.

Alikuja na ufagio wake, pilipili zake na majani ya mwarobaini. Akamkalisha Kuntala uani, akafukiza moshi mpaka kunguru wakahama juu ya paa, akampiga ufagio mabegani.

"Wewe nani?"

Akampiga tena.

"Umetoka wapi? Sema, nisije nikakuunguza!"

"Unguza," Kuntala alisema.

Ilikuwa sauti tambarare, haina hasira. Baidhara akawasha utambi, akauweka kwenye kiganja chake. Utambi ukawaka mpaka ukaisha. Kuntala aliutazama, kisha akamtazama mganga, na mganga ndiye aliyerudi nyuma. Alifuta kipara, akamwita Muktamani pembeni, lakini si mbali.

"Hapa alikufa mtu karibuni?" Alinong'ona sasa, bila mikogo.

"Mke wa mkubwa."

"Nguo yake ilitoka? Dhobi alipewa?"

Kuntala aliinua kichwa ndani ya ushungi. Muktamani alikuwa na tambuu shavuni. Hakuwa mwanamke mbaya, hilo ndilo baya zaidi. Naye aliletwa bibi harusi nyumbani hapo, naye alisaga ile manjano, na vidole vyake vingine havikukunjuka tena. Hakuwahi kuambiwa kwamba mtu anaweza kuuliza kwa nini.

"Ilitoka," alisema. "Hata uzi haukubaki."

"Una hakika, dada yangu? Kama kuna kipande kimebaki hapa, mimi nitachoma mwarobaini mpaka miti iishe, haendi."

"Nimesema ilitoka. Unaniita mwongo uani kwangu?"

"La, la." Baidhara alishusha pumzi, akaonyesha mti mzee kando ya bwawa. "Basi huyu ni pepo wa mtini. Alimkuta akienda kuchota maji nywele ziko wazi. Wanawake hamsikii." Akamfunga Kuntala uzi mweusi, akachukua nazi yake ya ujira, akaenda. Eti wa mtini!

Jioni ile Arakhita alizifunga karata zote katika kisanduku chake cha mbao kilichochorwa. Mtu wa kabaila angekuja kesho, jua likianza kuteremka. Kuntala alisikia hayo akiwa amelala kwenye mkeka wa jikoni. Ganzi ilikuwa imeshuka kutoka mabegani, iko juu ya titi, inasogea. Alijua pa kwenda ganzi hiyo, aliiona ilivyomfika mwenzake. Karata zikishavuka mto zitachezwa katika nyumba ambayo hatafika kamwe, zitapigwa chini kila mchana, na kila pigo atakuwa nalo yeye hadi siku atakaposahau kuvuta pumzi. Aliwaza hayo bila hofu, na kutokuogopa huko ndiko kulikomwamsha. Mtu mzima wa afya angeogopa. Ganzi ilikuwa imeshaanza kula na kule ndani.

Akangoja adhuhuri.

*

Kanduri, dhobi, alikuwa bwawani upande wa chini, mbele ya pipa lake la kuchemshia, anakoroga nguo za watu kwa mti mrefu. Ni mwanamke mwembamba, mwenye mkono wa misuli na mdomo usiolala.

"Yoo!" alisema. "Mkaza mwana wa Maharana, kwetu, jua hili? Rudi, bibi. Ukinisogelea mimi dhobi utakuwa najisi, utaoga mpaka ngozi itoke."

Kuntala alikuja na kisanduku amekikumbatia kwa viwiko, kama mtu anayebeba kuni. Akakiweka chini. "Nimekuletea haki yako, shangazi."

Kanduri alifungua kwa ncha ya mti. Akacheka. "Haki yangu ni nguo. Hizi karata. Nicheze na nani, na punda?"

"Ni nguo. Inuse."

Kanduri aliinama. Kicheko kikamtoka polepole, kama maji katika ndoo iliyotoboka. Alichukua mfalme mmoja, akamgeuza, akamkwaruza ukingoni kwa ukucha mpaka nyuzi zikachomoza.

"Ya Hemamali," alinong'ona. "Nimeifua tangu alipoletwa. Harufu yake naijua kuliko mumewe." Akamtazama Kuntala mikono, madoa ya duara yaliyopangana kama magamba. "Nilikwenda kuidai, siku ya haki. Mama mkwe wako akanipa sari yake mwenyewe, bado ngumu, akasema ndiyo hii. Nikaona si yenyewe. Nikapokea. Mimi ni nani nimwambie mwongo mlangoni kwake?"

"Ipokee leo."

"Karata siwezi kupokea, mwanangu. Nikipokea hivi nitakuwa nimepokea wafalme. Nguo ndiyo inayomtoa mtu. Nguo!"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama pipa.

Lilikuwa linachemka, maji ya majivu ya migomba, yale yanayotoa mafuta, damu na kila doa la binadamu. Lakiri, ile nta nyekundu iliyopakwa mgongoni mwa karata, haiogopi mvua, lakini maji ya majivu inayaogopa. Kanduri akatoa nguo za watu kwa mti, akazitupa kwenye jiwe. "Tia," alisema. "Wote. Na Rama wako."

Kuntala akainua kisanduku, akamimina.

Mwanzo zilielea, wafalme juu ya wafalme, zikizunguka, na lakiri ikaanza kulainika na kutoa uzi mwekundu, na rangi ikaanza kuwatoka, mataji yakaenda, pinde zikaenda, bluu ya Rama ikavuja kama wino, na chokaa ikageuza maji kuwa maziwa, na harufu ikapanda, ukwaju uliooza, ufuta, jasho la bega la mtu aliyesugua miaka na miaka, harufu nzito kiasi kwamba Kanduri alijifunga pua kwa nguo, na kila kitu kilikuwa kimeyeyuka isipokuwa macho, macho yale yenye kope ya chini yalijibandua nyusoni yakabaki juu ya povu, meusi, mengi, mawili mawili, yanawatazama, na kutoka chini ya pipa, chini ya moto, chini ya ardhi yenyewe mlio ukaanza, kwaru, kwaru, kwaru, kwa haraka sasa, kama mtu aliyechelewa na kazi na jua linazama, na mdomo wa Kuntala ukafunguka bila yeye kuufungua, ukauliza:

"Imetosha?"

Kanduri alishika mti kwa mikono miwili. "Mjibu," alisema.

"Siwezi. Ndiye anayesema kwa mdomo wangu."

"Basi mimi nitamjibu!" Akainama juu ya mvuke, akasema kwa sauti ile anayoitia watoto waliozama michezoni. "Imetosha, Hemamali. Imetosha! Acha jiwe. Nguo yako ninayo mimi, Kanduri, naipokea. Nenda zako, mama, hakuna anayekudai."

Mlio ukasita. Macho yalikaa juu ya povu kwa muda mrefu, kana kwamba neno lile ni geni na linahitaji kufikiriwa. Kisha moja likazama. Halafu mengine yakafuata.

Kuntala akatia mikono. Kanduri alimkemea, lakini alikuwa ameshaitia, anapapasa chini, anavuta viduara vya kitambaa, anabandua tabaka na tabaka, cheupe, cheupe, chekundu chenye meno ya hekalu, na kimoja chenye mshono wake mwenyewe. Akamkabidhi Kanduri, naye akapokea kwa mikono miwili. Walipofika vya mwisho Kuntala aliacha kuvuta. Alikuwa anatazama vidole vyake.

"Vinauma," alisema.

"Viko kwenye maji ya moto, mjinga we, vitaachaje kuuma?"

"Vinauma, shangazi," alisema tena, na hapo ndipo machozi yakaja.

*

Viduara vilianikwa kwenye kamba ya dhobi, mbele ya macho ya mtaa mzima. Arakhita alikuja, akasimama chini ya kamba. Alikiona kimoja kilichobaki na kivuli cha bluu. Kuntala alikuwa amesimama pale, mikono imefungwa majani na samli, ushungi umeshuka, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe alisema mbele yake.

"Mimi, Baba. Na macho ni mimi."

Mzee alimpa mgongo. Labda hakujua mtu anajibuje sauti ambayo haijui. Alirudi nyumbani, akalala amegeukia ukuta, na mtu wa kabaila akaambiwa unyevu umeziharibu, zinafanywa nyingine, mwezi bado haujajaa. Hapana aliyempiga Kuntala. Hapana aliyemwuliza mikono inaendeleaje. Maisha yakaendelea pale yalipokuwa yameachwa, na jiwe likiwa jiwe tu, la baridi.

Majani yalipofunguliwa, Muktamani alikuwa ameshaloweka kokwa za ukwaju. Kibakuli cha manjano kilikuwa tayari karibu na kinu. Alikwenda kwenye sanduku la Kuntala, akalifungua, akapekua, akatoa sari ya njano yenye pindo la kijani, ile aliyokuja nayo kutoka kwao.

"Hii imelainika," alisema, akiipapasa. "Wewe utapata nyingine kwenye sikukuu."

"Naivaa hiyo, Mama."

"Hutaivaa milele." Alisema bila ubaya wowote, akaipasua.

Kuntala alikaa barazani. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa hakijarudi bado, au kilikuwa kimerudi na kuondoka tena, hakuwa na uhakika. Alibandika kitambaa juu ya kitambaa, akapaka chokaa, akashika jiwe kwa kitako cha kiganja, akasugua. Nyumba ilikuwa imelala.

Kanduri alipita mlango wa nyuma kuchukua nguo chafu. Aliona rangi ya njano chini ya jiwe, akaitambua, akasimama.

"Hiyo si yako?"

"Ni yangu."

"Na wewe uko hai!"

"Ndivyo wanavyosema." Kuntala hakuacha kusugua. Alimwita karibu kwa kichwa, na Kanduri, ambaye hakuwahi kukanyaga baraza ile, akapanda.

"Shangazi," Kuntala alisema, "siku yangu ikifika usingoje kuitwa. Ingia mpaka chumbani, univue niliyoivaa, uondoke nayo mbele ya macho yao."